Namba Tatu Imelala

Jumanne, tarehe kumi na mbili, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mpima chumvi aliandika mstari wake wa mwisho kazini, akavua viatu, akavipanga pembeni ya ngazi, akashuka kwenye bwawa namba tatu. Saa nne na nusu kengele ya kiwanda ikalia. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Kabla ya adhuhuri ofisi ilikuwa imekwisha kupata neno la kumzika nalo, na neno lenyewe halikuwa refu: alijiua.

Ofisi ikitaka, inaweza kukimbia. Balbu ya choo cha wafanyakazi iliungua mwaka juzi na mpaka leo watu wanaingia wakipapasa ukuta. Lakini taarifa ya kifo ilipigwa chapa, ikagongwa muhuri na kutiwa sahihi tatu, yote siku ile ile.

Sajenti wa polisi, mwanamke, aliisoma Alhamisi asubuhi, amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti. Mume wa marehemu alikuwa mlangoni. Ni fundi baiskeli; mikono yake ilikuwa na grisi kwenye mistari ya viganja, ile isiyotoka hata usugue na mchanga. Meneja hakumtazama hata mara moja.

"Afande, mimi nadhani jambo hili limekwisha," alisema Meneja. "Nimeongea na mkuu wako. Saa tisa anatia sahihi."

"Saa tisa bado." Sajenti alifunua ukurasa wa pili. "Nieleze mawe."

"Nikueleze nini tena? Mshipi wa turubai, ndani yake kilo nane za mawe, ameufunga kiunoni mwenyewe. Mtu hajifungi mawe akienda kuoga."

"Na maandishi?"

"Ya mkono wake. Kwenye daftari la kazi." Meneja alisoma kwa sauti ya msibani, ile ya kuazima: "'Wa tatu amelala... Leo nashuka.' Miezi mitano iliyopita walifiwa na mtoto. Mtoto wa tatu. Sasa hapo unataka nini zaidi?"

"Mtoto wetu usimtie humu," alisema fundi kutoka mlangoni.

"Pole, bwana. Ila sikuandika mimi."

Sajenti aliweka kidole kwenye karatasi. "Nukta hizi katikati ni zake?"

"Za mchapaji. Daftari lililowa, halikusomeka lote."

"Naomba nilione."

"Limeoza. Limetupwa."

"Ndani ya siku mbili."

"Maji chumvi hayo, afande, siyo marashi."

Sajenti alitoa karatasi yake mwenyewe, ya daktari wa hospitali. "Huyu anasema ameungua. Kuanzia chini ya mbavu mpaka vidole vya miguu. Juu ya hapo, kifua, mikono, uso, hana hata doa. Anasema mstari umenyooka kama wa mtu aliyevaa suruali."

"Chumvi inachubua ngozi."

"Inachagua na pa kuanzia?"

Meneja alijiegemeza kwenye kiti. "Nenda ukaguse maji mwenyewe. Hayachemki. Yanamfika mtu mzima kidevuni tu. Kama unautafuta moto uliomchoma, uanzie nyumbani kwake. Majirani walisikia kelele Jumatatu jioni. Hilo hamlifuatilii, kwa sababu ni rahisi zaidi kuja kusumbua watu wanaofanya kazi."

Fundi aliinamisha kichwa. Sajenti aliliona hilo, akamtoa nje.

Ukumbini kulikuwa na benchi moja na tangazo la usalama lililofifia mpaka halisomeki. Waliketi chini yake.

"Jumatatu jioni kulikuwa na nini?"

"Tuligombana."

"Juu ya nini?"

"Nguo za mtoto." Fundi alikuwa anauchokonoa ukucha mmoja kwa mwingine. "Nilizigawa. Nilimpa mama mmoja ana mtoto mchanga. Niliona kila siku anazitoa sandukuni, anazikunja, anazirudisha. Nikasema nikiziondoa atapumua. Kumbe ndiyo nimemkata pumzi."

"Ulimmwagia kitu? Maji, uji, chochote cha moto?"

"Afande!"

"Lazima niulize, na lazima unijibu."

"Sikumgusa. Asubuhi aliondoka bila kuniaga. Miaka kumi na minne anasema 'haya, nimekwenda', hata tukiwa tumenuniana. Siku hiyo akafunga mlango tu."

Sajenti alikuwa ametoka kukagua kitabu cha getini. Saa moja kamili marehemu alisaini, na mlinzi alimkumbuka maana alimtania kwamba leo amekuja amevimba kama andazi. Baada ya hapo alizunguka mabwawa saba kwa miguu, akapanda na kushuka ngazi za mnara wa maji mara mbili, akabeba ndoo. Mtu aliyeungua kuanzia mbavu mpaka vidole hafanyi hivyo. Hata kusimama hawezi. Moto ulimpata humu humu, baada ya saa nne kasoro dakika kumi.

Aliyaandika hayo, akapiga mstari juu ya jina la mtaa wa fundi kwenye orodha yake.

"Mimi sina shida na kusingiziwa," alisema fundi. "Nimezoea. Shida yangu ni yule binti mkubwa. Ana miaka kumi na mmoja. Jana shuleni mwenzake kamwambia, mama yako aliwachoka. Amerudi ananiuliza, baba, ni kweli alituchoka? Nikakosa la kumwambia. Karatasi ile ikitiwa sahihi, afande, ndiyo itakuwa mama yake. Mimi nitakufa, yeye atabaki nayo."

"Twende bwawani," alisema Sajenti.

*

Mabwawa ya kiwanda yalikuwa saba, yamechimbwa mstari mmoja na kutandikwa nailoni nyeusi, kila moja lina namba ya rangi nyeupe ukingoni. Wafanyakazi hawakusema "bwawa". Walisema namba moja, namba mbili, kama wanavyotajwa wagonjwa wodini.

Sajenti alikuja na chupa ya dawa ya kikohozi. Aliifunga jiwe na kamba, na kizibo chake akakifunga kamba ya pili. Chupa ikishuka imezibwa, unavuta kizibo kule kule chini, inajaa, unaipandisha. Ndipo unajua maji ya pale yalipo, siyo ya juu unayoyaona.

Namba tatu aliipima mara tano, kila mara chini zaidi. Juu kabisa kipimajoto kilisoma arobaini na sita. Usawa wa kifua, arobaini na sita. Kiunoni, arobaini na sita. Gotini, arobaini na sita. Chini kabisa, arobaini na sita. Alionja matone: chumvi ile ile, kali ile ile.

"Hayachemki," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Meneja kasema kweli."

"Kasema kweli. Ila mbona ya moto hata hivyo? Nailoni ya hapa imekaa juani, sawa. Maji ya bombani pale yamekaa juani pia, nimeyapima, yana ishirini na tisa. Hili limekula wapi moto wote huu?"

"Moto ulilala nalo, binti yangu," sauti ilisema nyuma yao. "Ulilala humo humo chini, mzima mzima."

Alikuwa mzee mwenye aproni ya turubai na nyusi zilizoungua zikaota mabaka. Ndiye mpishi wa chumvi, anayelisimamia karai kubwa la kuchemshia kule mwisho. Alimpa fundi mkono, hakuuachia.

"Mkwe," alisema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina njaa."

"Sikukuuliza njaa. Nimekuuliza umekula." Kisha akamgeukia Sajenti. "Mimi marehemu nilikuwa namwita mwanangu. Sikumzaa, lakini alikuwa ananipigia kelele kama aliyezaliwa na mimi. Niulize unachotaka. Miaka yangu ya kuogopa kufukuzwa imekwisha. Hata wakinifukuza watakuwa wamenipumzisha."

"Umesema moto ulilala."

"Mvua ikinyesha, maji matamu yanakaa juu, mazito ya chumvi yanabaki chini. Hayachanganyiki. Hapo tunasema namba imelala. Siku moja, siku mbili, unawasha pampu, unalikoroga, limeamka. Hayo ndiyo maisha ya hapa. Sasa pampu inayokoroga namba tatu na namba nne ilikatika mkanda. Tuliomba mkanda. Tukaandika. Tukaambiwa tuandike tena, safari hii kwa kalamu ya bluu."

"Lini?"

"Mvua za mwisho zile. Wiki tisa."

"Na wiki tisa hakuna aliyekoroga?"

"Namba tatu na namba nne, hakuna." Mzee alimwachia fundi mkono hatimaye. "Njoo na chupa yako kule nne. Hiyo bado imelala. Hawajaikumbuka."

Namba nne ilionekana kama dada pacha wa namba tatu: maji maangavu, kimya, mawingu yamo ndani yake. Fundi alichuchumaa akachovya mkono. "Ya baridi," alisema, akashangaa.

"Sote tunachovya hapo hapo," alisema Mpishi. "Hata fomu ya ofisi inasema hivyo: pima kina cha kiganja. Kiganja kimoja, ujaze, ulete."

Sajenti alipima. Kiganjani, thelathini. Mkono ukizama mpaka kifundo, thelathini bado. Akashusha kamba inchi mbili tu zaidi: arobaini na moja. Hakuamini, akarudia. Arobaini na moja. Akashuka tena, ikabaki arobaini na moja kwa urefu wa shubiri nzima, kisha ghafla hamsini na tano. Ikatulia hapo shubiri nyingine. Kisha sabini na nne, mpaka chini.

Tone la chupa ya mwisho lilimdondokea kwenye kifundo cha mkono. Aliruka akaachia kamba.

"Pole," alisema Mpishi. "Basi hilo ni tone."

Fundi alikuwa anaitazama ile alama ndogo kwenye mkono wa Sajenti.

"Nifafanulie," alisema Sajenti, "kama mtu ambaye hakusoma."

"Nitakufafanulia hivyo hivyo, maana na mimi sikusoma." Mzee alichutama. "Jua linapita maji ya juu, halina habari nayo, linakwenda kupiga nailoni nyeusi chini. Maji ya chini yanapata moto. Maji ya moto kwa kawaida yanafanyaje?"

"Yanapanda."

"Karaini kwangu yanapanda. Hapa yatapandaje, yamebeba chumvi? Ni mazito. Mtu amebebeshwa gunia, unamwambia ruka. Basi yanakaa chini yanazidi kupata moto, kesho tena, keshokutwa tena. Wiki tisa."

"Lakini hizi ngazi? Thelathini, arobaini na moja, hamsini na tano?"

"Hapo ndipo penye utundu wake. Moto una haraka, chumvi ni mvivu. Pale yanapokutana, moto unavuka upesi, chumvi inasuasua nyuma. Maji ya juu ya mpaka yanapashwa tumbo, yanapanda kidogo, yanapoa, yanashuka. Yanajikoroga yenyewe, lakini chumbani kwake tu. Kupita dari hayawezi, chumvi inayazuia. Juu yake chumba kingine kinafanya vivyo hivyo. Linakuwa kama ghorofa, kila familia na mlango wake. Ukichungulia kutoka juu unaona dimbwi moja limetulia."

"Na ukilikoroga kwa pampu?"

"Umebomoa ghorofa. Moto wote unagawana na baridi yote. Linakuwa vuguvugu, sawasawa, juu mpaka chini."

"Arobaini na sita," alisema Sajenti.

"Hujakosea."

Fundi alisimama. "Ulijua?" alimwuliza Mpishi. "Baba, ulikuwa unajua kuna moto humu?"

Mzee hakukimbia swali. "Bomba la chini la nne linapita ukutani kwangu. Wiki iliyopita nililigusa likaniunguza. Nikajua. Nikasema, mzee, utakwenda ofisini ukawaambie nini, maji baridi yanaunguza? Watakuuliza umekunywa nini. Nikanyamaza. Nikajiambia hakuna mtu anayeshuka humo, pampu ikija watakoroga." Alifuta uso kwa aproni. "Sikujua kama wamemwamuru ashuke. Mkwe, unipige ukitaka."

Fundi hakumpiga. Alikwenda akasimama upande wa pili wa bwawa.

*

Banda la wapima lilikuwa chumba kimoja cha mabati: meza, ndoo, mizani, na ukutani misumari minne. Kwenye misumari mitatu ilining'inia mishipi ya turubai yenye mifuko ya mawe. Msumari wa nne ulikuwa mtupu.

Sajenti aliushika mmoja. Mzito. "Hii ni ya nini?"

"Ya kukorogea," alisema Mpishi. "Pampu ikifa unashuka na kasia. Sasa maji ya chumvi hayakutaki, yanakurusha juu kama kizibo. Hukanyagi chini, hukorogi kitu. Basi unajifunga mawe. Kila mpima ana wake, inatofautiana kwa uzito wa mtu. Ule wa mwanangu ulikuwa kilo nane. Alikuwa mwembamba."

"Meneja hajui?"

"Meneja miaka minne hapa hajawahi kulowa hata kisigino. Msimamizi anajua. Msimamizi ndiye aliyewashonea."

Sajenti aliangalia sahihi tatu kwenye taarifa. Ya pili ilikuwa ya Msimamizi.

Alianza kupekua meza. Daftari lilitupwa, wamesema. Lakini kitabu cha vipimo kilikuwa mezani pale pale, kile cha kurasa mbili mbili zenye karatasi ya kaboni katikati: nyeupe inachanwa inapelekwa ofisini, ya njano inabaki. Watu wa ofisini wanasahau karatasi ya njano. Hawajapata kuhitaji nakala ya kitu chochote. Wao ndio wanaoshika asili.

Kwenye ukurasa wa Jumanne, nyeupe ilikuwa imechanwa; hilo ndilo "daftari" la Meneja. Njano ilikuwapo, maandishi ya kaboni, buluu, ya mkono uliozoea kuandika umesimama. Namba moja, namba mbili, uzito wa chumvi, joto la kina cha kiganja. Chini kabisa, mstari mmoja:

*3 imelala wiki ya tisa, pampu hakuna, nimeambiwa nikoroge kwa mkono. Leo nashuka kuiamsha.*

Sajenti aliusoma mara mbili. Akampa fundi.

Fundi husoma kwa kufuata na kidole. Alifika kwenye neno la pili akasimama. Kidole kilibaki pale.

"Imelala," alisema. "Kaandika imelala."

"Ndiyo."

"Mtoto hasemwi imelala. Mtoto amelala. Hata siku ile tunamzika, alisema amelala. Hakusema imelala. Nani anamwita mtoto wake imelala?"

"Hakuna."

"Ni bwawa."

"Ni bwawa. Alikuwa anakwenda kazini tu."

Fundi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kulia, bila kuficha uso, huku ameishikilia ile karatasi mbali na macho isilowe. Mpishi alimshika bega. Sajenti alitoka nje akahesabu namba za mabwawa, moja mpaka saba, kisha akarudi.

*

Saa nane na robo walikuwa ofisini tena. Safari hii Sajenti aliketi bila kukaribishwa, akamvutia fundi kiti cha pili. Meneja aliisoma karatasi ya njano akiwa amesimama.

"Mchapaji alikosea," alisema mwishowe.

"Alikosea herufi moja hapa akalifanya bwawa kuwa mtoto. Hapa akaongeza 'wa'. Wiki tisa akaziweka nukta, kwa sababu mtoto alikufa miezi mitano iliyopita na hesabu isingekubali. 'Nimeambiwa nikoroge kwa mkono' akaiweka nukta. 'Kuiamsha' hakuiwekea hata nukta, akaila. Huyo si mchapaji, bwana. Huyo ni mtunzi."

"Mimi husaini ninacholetewa."

"Basi leo nakuletea mimi. Mshipi ni kifaa cha kazi, ipo mingine mitatu bandani. Maji ya namba nne nimeyapima mbele ya mashahidi wawili: juu thelathini, chini sabini na nne. Mama huyu alichovya mkono juu kama fomu yenu inavyosema, akaona baridi. Akaruka na kilo nane kiunoni, kwa kuwa ngazi yenu imeliwa na chumvi huko chini, vimebaki vidato vitatu tu vya juu. Miguu ilifika palipo na sabini na nne kabla hajapata nafasi ya kuguna. Alizimia. Mawe yakamshika kiuno chini, kifua kikabaki kwenye maji ya baridi. Ndiyo maana ya mstari wa daktari. Hilo neno ulikate."

Meneja alimtazama fundi kwa mara ya kwanza. Labda alitaka kusema pole. Alichukua kalamu, akalikata neno *alijiua*, akaandika juu yake *ajali kazini*, akaweka sahihi ndogo pembeni.

"Umeridhika, bwana?" alimwuliza.

"Nitamwambia binti yangu," alisema fundi. "Hilo tu. Nitamwambia mama yake hakutuchoka."

Hapo pangeweza kuwa mwisho, na mkuu wa Sajenti angefurahi, kwa maana faili nyembamba humpendeza. Lakini Sajenti hakunyanyuka.

"Namba tatu nimeikuta imekorogwa," alisema. "Nani aliikoroga?"

"Ni... Wafanyakazi. Wakati wa kumtoa. Watu waliingia wengi."

"Walioingia ni wawili, kwa mbao na kamba, na wote wawili wameniambia waliona maji ya vuguvugu toka juu. Yaani walikuta ghorofa imeshabomoka. Watu wawili hawabomoi bwawa lile kwa robo saa. Ni pampu."

"Pampu haina mkanda. Wiki tisa."

"Nimepita stoo nikija huku."

Meneja aliiweka kalamu chini.

Mtunza stoo aliyemkuta huko alikuwa mtu wa wasiwasi, mwenye tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Mkanda ulikuwapo, afande, toka wiki ya pili upo, juu ya rafu, ila kutoa mpaka kibali. Jumanne saa nne kamili alikwenda kunywa chai. Saa nne na robo alirudi, mkanda haupo, kwenye msumari kimechomekwa kikaratasi chenye muhuri wa ofisi. Hakuna jina. Ndivyo ilivyo, wakubwa wana ufunguo wao; wanachukua, wanaacha kikaratasi, yeye anaandika saa aliyokikuta. Huulizi. Aliyeuliza kabla yake ndiye aliyeacha nafasi akaajiriwa yeye.

Sajenti alikitandaza kikaratasi mezani, muhuri ukiwa juu.

"Saa nne na robo mkanda umekwisha kutoka. Kengele imelia saa nne na nusu. Kufunga mkanda ni dakika tano, nimeuliza. Swichi ya pampu iko ukingoni mwa namba tatu, hatua nne toka kwenye ngazi. Viatu vyake vilikuwa pale. Mtu amefunga mkanda, amewasha, amesimama hatua nne toka kwenye viatu, pampu imekoroga mpaka moto umesambaa, amezima, ameufungua tena mkanda, maana leo haupo. Ndipo kengele ikalia. Muhuri huu unashikwa na watu wangapi?"

"Watatu," alisema Meneja. Kisha akasema, "Pengine alitaka kusaidia. Hakujua kuna mtu."

"Kwa nini basi afungue mkanda?"

Nje karai lilikuwa linachemka, ukisikiliza unalisikia.

Fundi alikuwa akihesabu kwa vidole, polepole, kama alivyosoma ile karatasi ya njano. Saa nne kasoro kumi. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Alifika mwisho wa mkono mmoja, akarudia. Akaviangalia vikaratasi vyote viwili mezani, kile kilichokatwa neno na kile chenye muhuri, kisha akamtazama Sajenti, na sauti yake haikuwa ya hasira hata kidogo.

"Afande, na hapo pampu ilipoanza kunguruma, mke wangu alikuwa bado anapumua?"